Laptopu Mpya Imepasuka Kona: Kabla Hujashika Gundi

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, alitoa laptopu kwenye begi ikiwa imeviringishwa kwenye kanga, akailaza mezani kwangu taratibu. Mashine ina miezi minane. Kona ya nyuma upande wa kushoto plastiki ilikuwa imeachana, na ukifungua kioo, sehemu ya chini inanyanyuka nacho, halafu ndani kunasikika tak! Juu ya ufa palishapakwa supagluu, imekauka nyeupe kama chumvi. Aliipaka mara mbili, na zote mbili hazikufika wiki.

"Fundi, nipigie gundi nyingine yenye nguvu, nina mtihani Jumatatu."

Nikamwambia, dada yangu, gundi haina kosa hapa. Kosa ni la bawaba.

Nimeandika haya kwa mtu aliye kwenye hali kama yake: laptopu bado changa, inawaka vizuri, ndani ni nzima, ila kava lake la plastiki limepasuka. Mengi unaweza kuyafanya mwenyewe kama mkono wako haukurupuki. Na hata ukimpelekea fundi, utajua anafanya nini na utajua cha kumuuliza.

Angalia betri kwanza

Hili ndilo la hatari, kwa hiyo linatangulia. Funga laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka. Imetulia, au inabembea kama meza yenye mguu mfupi? Tachipedi imeinuka, au imekuwa ngumu kubonyea? Kava limefumuka katikati, mbali kabisa na bawaba? Basi huenda si plastiki iliyopasuka yenyewe, ni betri imevimba na inasukuma kutoka ndani. Betri za lithiamu zikichoka au zikiharibika hutengeneza gesi na kufura kama mto.

Ukiona hivyo, chomoa chaja, izime, usiichaji tena. Usiibane ili irudi chini, usitie gundi kulifunga kava, na usiichokonoe betri kwa kitu chochote chenye ncha. Iweke juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na kitanda na mapazia, kisha itafutie fundi wa kuitoa. Betri hiyo haitupwi kwenye ndoo ya taka za nyumbani. Ikishatolewa, mara nyingi kava hurudi mahali pake lenyewe, na unagundua kwamba plastiki haikuwa na neno.

Ufa uko wapi?

Mahali palipopasuka panakuambia chanzo. Kona za nyuma, karibu na kioo kinapokunjia: bawaba. Pembeni mwa tundu la chaja: waya ulivutwa, au mtu aliukwaa. Kona ya mbele yenye mkwaruzo na alama nyeupe: imeanguka, hata kama hakuna nyumbani anayekiri. Mgongo wa kioo, mstari mrefu katikati: imebanwa kwenye begi, ndani ya daladala iliyojaa, pengine chaja ikiwa imelala juu yake. Fremu nyembamba inayozunguka kioo: mara nyingi ni vishikizo tu vimeachia, bonyeza kwa kidole uone kama vinarudi.

La bawaba ndilo ninalokutana nalo kuliko yote, na ndilo linalosumbua, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Bawaba ya laptopu si kama ya mlango. Ya mlango inazunguka tu. Ya laptopu imekazwa makusudi ili kioo kisimame pale unapokiacha. Ndani yake kuna vyuma vinavyosuguana. Kila unapofungua unashindana na ule msuguano, na nguvu yako yote inashukia kwenye skrubu tatu au nne. Skrubu zinashika nati ndogo za shaba, na nati zenyewe zimezamishwa kwa moto ndani ya vijinguzo vya plastiki vyembamba kuliko penseli. Bawaba ikiwa ngumu kupita kiasi, iwe ilitoka kiwandani hivyo au grisi yake imekauka na vumbi limeingia, vijinguzo ndivyo vinavyosalimu amri. Nati inachomoka na pete ya plastiki shingoni. Kuanzia hapo chuma kinakosa pa kushika, na kila ukifungua kinalisukuma kava kwa ndani, mpaka linaachia kwa nje. Ufa unaouona wewe ndio wa mwisho kutokea.

Sasa unaelewa kwa nini supagluu ya yule dada haikudumu. Alikuwa anaziba mdomo huku chuma bado kinasukuma.

Waranti kabla ya bisibisi

Kama mashine haijatimiza mwaka, usiifungue bado, na usiipake chochote. Kampuni nyingi hutoa waranti ya mwaka mmoja. Waranti hizo kwa kawaida hazihusu kuanguka wala kumwagikiwa na chai, lakini bawaba iliyovunja kava kwa kufunguliwa kawaida ni jambo la kudai, na inafaa kulidai hata kama jibu la kwanza la dukani ni "hii umeiangusha."

Jiandae kwa jibu hilo. Laptopu iliyoanguka huwa na ushahidi: kona imebonyea, rangi imechubuka, plastiki imekuwa nyeupe pale ilipogonga. Iliyovunjwa na bawaba hufunguka kuanzia ndani kwenda nje, na ngozi ya nje ya kona haina hata mchubuko. Piga picha za kona hiyo mchana, kwa karibu, kutoka pande zote. Rekodi na video fupi ukiifungua taratibu ili ule mnyanyuko uonekane. Kisha andika kwa ufupi lini ilianza. Kama kweli iliwahi kuanguka, usidanganye. Fundi wao ataona.

Tafuta risiti, ile ya EFD kama ulinunua Tanzania. Geuza mashine usome namba yake kwenye stika, iliyoandikwa S/N, au kwenye Dell ile ya herufi na tarakimu saba iitwayo Service Tag. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza. Itakuonyesha waranti inaisha lini na inatambulika katika nchi gani. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa kwetu zimepitia Dubai, na waranti ya mashine inaweza kuwa ya eneo lile ilikonunuliwa mara ya kwanza. Kama ndugu yako aliinunua Ujerumani au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, mwombe yeye adai kule kule: sheria ya huko inamfunga muuzaji, si kiwanda, kwa angalau miaka 2 kwa kasoro iliyokuwamo tangu mwanzo. Kenya kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Tanzania, muuzaji akikupiga danadana, malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Kabla ya kuikabidhi kwa yeyote, nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje. Hili halina mjadala.

Yule dada hakuwa na risiti; mjomba wake ndiye aliyemletea. Na ile gundi aliyopaka ingetosha kumkosesha waranti hata kama angekuwa na risiti. Kwa hiyo tukaendelea.

Ukiwa bado unasubiri

Iache wazi. Ifungue mara moja tu, huku kidole gumba kikikandamiza kona mbovu, iweke kwenye mwinamo wa kufanyia kazi na usiiguse tena. Usiku iache hivyo hivyo, ifunike kitambaa kuzuia vumbi. Kila kufungua na kufunga kunaongeza ufa, na kuna hatari kubwa kuliko ufa: waya wa kioo unapita pale pale kwenye bawaba, pamoja na nyaya nyembamba za antena za Wi-Fi. Nimeshapokea laptopu zilizoanza na ufa wa sentimita mbili zikaishia kioo kucheza-cheza na kuzima. Kama kioo kimeshaanza kusumbua, chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni umalizie kazi yako.

Kuifungua

Utahitaji bisibisi ndogo ya nyota yenye ncha nzima, kadi ngumu ya plastiki (ile ya benki iliyokwisha muda inafaa, kisu hapana, kinaacha makovu na kinaweza kukata waya), karatasi, na trei ya mayai. Trei siyo utani. Skrubu za laptopu hazilingani urefu, na ukipeleka ndefu mahali pa fupi, itatoboa kava juu au itagusa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Chora mgongo wa laptopu kwenye karatasi, uyape matundu namba, na kila skrubu iingie kwenye shimo la trei lenye namba yake.

HP, Dell na Lenovo huweka kwenye tovuti zao mwongozo wa ufundi wa modeli nyingi, bure, wenye picha za kila hatua. Pakua wa modeli yako kamili, siyo inayofanana nayo.

Zima kabisa, siyo kuilaza. Chomoa chaja. Toa skrubu za chini, na kama kava bado limegoma, usilazimishe: chungulia chini ya vile vipira vya miguu, mara nyingi kuna skrubu imejificha. Pitisha kadi kwenye mwanya wa pembeni pole pole hadi vishikizo viachie kimoja kimoja. Kwenye modeli nyingi za sasa kinachotoka ni kava la chini. Kwenye nyingine ni lazima utoe kibodi pia, na hapo kuna riboni nyembamba zinazounganisha kibodi na tachipedi. Inua lachi ya riboni kwanza, yaani kile kikufuli kidogo kinachoibana, ndipo uivute.

Kitu cha kwanza kuchomoa ndani ni betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, umeme uliobaki uishe.

Legeza bawaba

Sasa tazama kona. Kwa yule dada, nati mbili kati ya tatu zilikuwa bado zimeshikwa na skrubu kwenye bawaba, kila moja imebeba pete yake ya plastiki nyeusi, na vijinguzo vyake vimebaki kama visiki. Vipande vidogo vilikuwa vimetawanyika hadi karibu na feni. Viokote vyote, vingine utavihitaji, na kilichobaki ndani kinaweza kukwama kwenye feni.

Fungua skrubu za bawaba upande wa chini ili kioo kiachane na kava. Shika bawaba kwa vidole, ijaribu. Kama huwezi kuizungusha bila kukunja uso, umeshampata mhalifu. Bawaba nyingi zina nati ndogo mwishoni mwa mhimili. Ilegeze robo ya mzunguko kinyume cha saa, ijaribu, kisha robo nyingine ikibidi. Usiifungue ikatoka: kuna washa kadhaa (vipete bapa vya chuma) zimepangwa kwa mpangilio, na zikidondoka utaomba radhi kwa Mungu. Kipimo changu ni hiki: kioo kisimame chenyewe popote unapokiacha, lakini ukikiinua kwa kidole kimoja, chini isinyanyuke.

Kuna bawaba zisizo na nati, chuma kimekunjwa tu kuzunguka mhimili. Hizo hazilegezwi. Tone moja la mafuta ya silikoni na kuizungusha mara kumi na tano, ishirini, husaidia baadhi. Isipolainika, nunua jozi mpya.

Fanya hivyo kwa bawaba zote mbili hata kama upande mmoja tu ndio uliovunjika. Moja ikiwa laini na nyingine ngumu, kioo kinafunguka kwa kujipinda, na baada ya muda utarudi mezani na kona ya pili.

Kujenga upya vijinguzo

Hapa ndipo gundi inaingia, na siyo supagluu. Supagluu hukauka ngumu lakini ni kama kioo; haivumilii kuvutwa na kupindwa, ambayo ndiyo kazi pekee inayofanyika kwenye kona hii. Tena mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki na unaweza kuchafua kioo cha kamera.

Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili unayochanganya. Dukani utakuta inayokauka kwa dakika 5 na inayohitaji saa nyingi. Chukua ya pole pole. Ya dakika 5 ni ya kushikilia, ya pole pole ndiyo ya kubeba mzigo.

Kwangua gundi ya zamani yote hadi uone plastiki. Piga msasa mahali itakapokaa mpya, iwe na makwaruzo ya kushika. Futa kwa spiriti, acha ikauke. Usitumie thina wala asetoni kusafishia: plastiki nyingi za laptopu ni ABS au mchanganyiko wake, na asetoni inaiyeyusha. Ndani ya kava kuna herufi ndogo, ABS au PC+ABS, ukitaka kuhakikisha. Wapo mafundi wanaoutumia udhaifu huo kwa faida: wanaloweka vipande vya ABS kwenye asetoni mpaka vinakuwa uji mzito, na uji huo wanajengea nguzo upya. Unashika vizuri, kwa sababu plastiki inaungana na plastiki mwenzake. Lakini unakauka taratibu, unasinyaa, na ukidondokea nje ya kava umeharibu sura. Kwa mara ya kwanza baki na epoksi.

Funga nati za shaba kwenye bawaba kwa skrubu zake, ukiwa umepaka skrubu mafuta kidogo ya mgando ili gundi isizishike. Kisha weka bawaba mahali pake bila gundi kwanza, uone kila kitu kinakaa sawa na kava linafunga. Jaribio hili kavu usiliruke. Likikubali, changanya gundi kiasi sawa kwa sawa, au kama pakiti inavyosema, zungushia visiki na nati hadi zifunikwe pembeni, ukijaza pembe zote. Usizidishe kimo, ukijenga kilima, kava la chini halitafunga. Na weka utepe wa karatasi kwenye bodi na matundu ya jirani, epoksi ikidondoka huko haitoki.

Banisha taratibu, iache saa 24, kioo kikiwa wazi na kimeegemezwa kisivute. Hapa wateja wengi hushindwa kuvumilia. Saa sita baadaye inaonekana ngumu, mtu anajaribu kidogo tu, na kazi yote inaanza upya.

Kuna njia ya tatu: kutoboa kava hadi nje na kupitisha boliti ndogo na nati yake. Ni imara kuliko zote, na vichwa vya boliti vinabaki vinaonekana mgongoni. Kwa mashine ya ofisini iliyochoka, sawa. Kwa laptopu ya miezi minane siifanyi bila mwenyewe kunitamkia kwamba amekubali.

Au ubadili kava zima

Kama vijinguzo vyote vimeng'oka au ufa umezunguka kona, kava jipya ni heshima zaidi. Sokoni hujulikana kwa herufi: A ni mgongo wa kioo, B fremu ya mbele ya kioo, C ni pale penye kibodi na viganja, D ni la chini. Usiagize kwa jina la modeli peke yake. Tafuta namba ya kipuri: Lenovo huiita FRU, HP wana yao kwenye mwongozo wa ufundi, na mara nyingi ipo kwenye stika ndani ya kava lenyewe. Mtumie muuzaji picha ya la zamani, mbele na nyuma, alinganishe matundu ya pembeni, nafasi ya kitufe cha kuwashia, tundu la kusoma alama ya kidole, na rangi. Muulize pia kama limekuja na nati za shaba. Yapo yanayouzwa bila.

Na bawaba ilegezwe hata ukiweka kava jipya. Nimeona kava jipya kabisa likipasuka pale pale kwa sababu bawaba ilirudishwa vile vile.

Nyufa ndogo

Ufa mdogo pembeni mwa tundu au kwenye kona ya mbele, usiofika kwenye skrubu, hauhitaji upasuaji. Toboa kitundu cha milimita moja na nusu mwishoni kabisa mwa ufa, kava likiwa limetolewa, ili usiendelee kutambaa. Paka epoksi kidogo kwa ndani, juu yake kipande cha kitambaa chembamba cha pamba. Kwa nje hutaona kitu zaidi ya mstari.

Kurudisha

Betri chomeka, kisha iwashe kabla hujafunga kava: kioo, kibodi, tachipedi, Wi-Fi, feni. Fungua na funga kioo mara tatu huku ukitazama nyaya za bawaba, zisibanwe. Izime, chomoa betri tena, hakikisha skrubu za bawaba zimekazwa, rudisha betri, ndipo kava. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki zikaze hadi zigome, basi. Ukiongeza nguvu unakata uzi wa nati. Skrubu zote zirudi. Kona iliyonyimwa skrubu moja inabebesha mzigo wake zile zilizobaki, na nyingi ninazozipokea zimepitia kwa mtu aliyebakiwa na skrubu mbili akazitia mfukoni.

Dada alikuja Jumamosi saa kumi na moja jioni, na kanga yake ile ile. Akashika kona ya kioo ili afungue, kisha akaniangalia, akahamisha mkono katikati. Akainua kwa kidole kimoja. Chini haikunyanyuka.